Ukahaba mjini Kigali

Ukahaba mjini Kigali (kwa Kinyarwanda *uburaya*) ni biashara ya ngono ambayo nafasi yake kisheria ina utata. Kanuni ya adhabu ya Rwanda ya 2012 iliifanya kosa. Sheria ya 2018 haimwadhibu tena anayejiuza, bali kuwadi. Hata hivyo, agizo la waziri la Aprili 2018 liliuhesabu ukahaba, pamoja na kuombaomba na umachinga, kuwa mwenendo potovu. Ndiyo maana mwanamke anayekamatwa usiku aweza kushikiliwa hadi miezi 2 katika kituo cha Gikondo, maarufu kama Kwa Kabuga, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Hoja moja ya kuuhalalisha ukahaba ni afya: mwaka 2015, 45.8% ya wanawake wanaofanya kazi hiyo nchini walikutwa na VVU, dhidi ya takriban 3% ya watu wazima wote.