Zamu ya Nzwani

Mtaani kwetu Unguja alikuwapo mzee mmoja Mngazija. Akipenda kuniambia, "Mwanangu, shirikisho si jina." Sikumwelewa mpaka niliposoma historia ya kwao. Katiba ya Komoro ya 1978 ilivipa visiwa magavana wa kuchaguliwa. Mwaka 1982 ikabadilishwa, magavana wakawa wanateuliwa na rais. Ati jina la shirikisho likabaki palepale! Mwaka 1997 Nzwani ikajitenga. Katiba ya 2001 ikavirudisha pamoja kwa ahadi: urais wa Muungano uende kwa zamu, kisiwa kwa kisiwa. Kura ya maoni ya 2018 ikamruhusu rais vipindi viwili mfululizo. Zamu ya Nzwani, iliyongojwa 2021, haikufika. Mzee wangu keshatangulia. Angekuwapo ningemwambia nimeelewa.