Tembo wa Tabora

Jioni moja alinijia kijana jirani yangu hapa Kagongwa, ambaye hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, akiwa amevaa saa kubwa kama kifuniko cha birika. "Shikamoo mwalimu," akasema, "hebu nisomee hapa." Nikavaa miwani, nikasoma: Radiomir Panerai. Alitaka kujua kama ina thamani. Nikamwambia kwamba kama ingekuwa ile ya kale yenyewe, angelazimika kuuza mashine mbili za kukoboa mpunga ili aipate. Akacheka sana, maana aliinunua mnadani kwa bei ya kuku wawili.

Saa hizo za kale zilitengenezwa tangu miaka ya 1930 na nyumba ya Panerai ya Firenze, Italia, kwa msaada wa Rolex, kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi la majini. Namba zake zilipakwa radiamu ili zing'ae chini ya maji gizani. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, wapiga mbizi sita wa jeshi hilo walipenya bandari ya Alexandria, wakaziharibu manowari mbili za Waingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Raia hawakuuziwa saa za Panerai za aina hiyo mpaka mwaka 1993. Zile za vita zilikuwa chache tangu mwanzo, na leo matajiri hugombea kuzipata, wengi wao, nadhani, wasiopiga mbizi hata kisimani. Sisi huku, ambao bahari yetu ni majaruba ya mpunga, hatuna haki ya kuwacheka. Nasi tulikuwa na kitu cha namna hiyo, kikatupita mikononi.

Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi hii walikuwa wamebanwa. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii, na askari na wafanyabiashara walitaka kulipwa. Basi huko Tabora, wakitumia mitambo ya karakana ya reli, wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe. Senti za shaba walizipiga kwa wingi. Hizo ndizo heller, na neno letu hela limetoka huko. Mia moja zilikuwa rupia moja. Lakini kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke, kule Singida, walipiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja palikuwa na tai wa Kaisari; upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini herufi T ya Tabora. Uzito wake ni gramu saba na kidogo, na robo tatu tu ya uzito huo ndiyo dhahabu halisi. Zilipigwa elfu kumi na sita na ushei. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Baba yangu alikuwa nayo moja. Alisema babu aliipokea kwa ng'ombe waliochukuliwa kulisha askari. Ilikaa ndani ya kitambaa, chini ya sanduku, na sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama siku ya sikukuu tu.

Mwaka 1961 nilichaguliwa kwenda shule ya kati, na karo haikuwapo. Mvua ilikuwa imetuangusha na pamba haikutoa kitu. Baba akanichukua tukaenda mjini kwa sonara. Sonara hakumtazama tembo hata kidogo. Aliiweka sarafu kwenye mizani, akataja bei, akahesabu shilingi, kisha akaitupa kwenye chungu chake kidogo cha kuyeyushia huku sisi tumesimama palepale. Nikachungulia. Nilimwona tembo akilegea kama siagi, kisha pakabaki tone jekundu linalotetemeka. Njia nzima ya kurudi baba hakusema neno. Karo ililipwa, na kiasi kilichobaki kikanunua kaptura.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilifungua kitabu cha historia katika maktaba nikakutana na picha ya tembo yuleyule. Nilihisi kama nimeona picha ya marehemu. Likizo ilipofika nikamweleza baba kwamba Wazungu wanazitafuta sarafu zile, wanalipa mara nyingi zaidi ya dhahabu iliyomo. Akaniuliza, "Zina uzito gani?"

"Uleule, baba."

"Na shule ingekubali kupokea tembo badala ya shilingi?"

Sikuwa na jibu. Leo moja iliyotunzwa vizuri huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na sababu mojawapo ni masonara kama yule: kila waliyoiyeyusha iliziongezea bei zilizobaki.

Yote haya nilimsimulia kijana wangu mpaka mbu wakatufukuza nje. Alikaa kimya, akaizungusha ile saa yake mkononi, halafu akaniambia kwamba wachimbaji humletea wakati mwingine vipande vya hereni na pete kuukuu, naye huviyeyusha vyote pamoja bila kuvigeuza. "Kuanzia kesho nitakuwa nageuza kwanza, mwalimu," akasema.

Sijui kama anafanya hivyo. Mimi mwenyewe, kila nipitapo mlangoni pake, huchungulia sahani ya mizani.