Steve Redgrave: Msee wa makasia aliyebeba dhahabu Olimpiki 5 mfululizo

Kuna wasee hushinda dhahabu moja ya Olimpiki na wanaishi nayo maisha yote. Steve Redgrave wa Uingereza alibeba 5, kwa Olimpiki 5 zilizofuatana. Na hakuwa mkimbiaji, alikuwa anapiga makasia.

Alianzia wapi?

Alizaliwa 23 Machi 1962 na kukulia Marlow, mji ulio kando ya mto Thames. Darasani mambo yalikuwa noma juu ana disleksia, hali inayofanya kusoma na kuandika kuwe kazi ngumu. Kwa maji sasa, hapo hakuwa na mchezo.

Dhahabu zake

- Los Angeles 1984: boti ya watu 4 na mwelekezi
- Seoul 1988: boti ya wawili, na Andy Holmes
- Barcelona 1992: boti ya wawili, na Matthew Pinsent
- Atlanta 1996: na Pinsent tena. Hiyo ndiyo dhahabu pekee Uingereza ilipata mwaka huo
- Sydney 2000: boti ya watu 4, na Pinsent, James Cracknell na Tim Foster

Alistaafu, akarudi

Baada ya Atlanta alikuwa amechoka kabisa. Aliambia TV kuwa yeyote atakayemwona karibu na boti tena ana ruhusa ya kumpiga risasi. Miezi michache baadaye, jamaa alikuwa ndani ya boti.

Halafu 1997 akapatikana na kisukari. Tayari alikuwa anaugua utumbo. Mwanamichezo wa makasia anakula sana ndio apate nguvu ya mazoezi, na hapo ndipo kisukari kinakubana. Wengi wangehepa. Yeye aliendelea kula vile mazoezi yalitaka, akijidunga insulini mara kadhaa kwa siku.

Sydney alikuwa na miaka 38. Mbio ni mita 2,000, na Waitaliano walikuja mbio mwishoni. Waingereza waliwashinda kwa sekunde 0.38 tu! Pinsent alitambaa juu ya boti kumkumbatia Redgrave, kisha akaanguka majini.

Siku hizi je?

2001 alipewa heshima ya "Sir". 2012 aliingiza mwenge uwanjani London, akawaachia vijana wauwashe. 2018 China ilimchukua asimamie timu yao ya makasia, na madem wa boti ya wanne wakabeba dhahabu Tokyo.

So ukiambiwa na daktari una kisukari, usidhani stori imeisha. Huyu alipata dhahabu yake ya tano akiwa nacho.