Nje ya Silabasi

Mwaka 1937 mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam aliona kuuza bidhaa peke yake hakumtoshi. Erica Fiah, Mganda aliyehamia mjini, akaanzisha gazeti la Kiswahili, akaliita Kwetu, nalo likadumu hadi 1951. Kabla yake Kariakoo na Ilala zilikuwa zikisoma zaidi Mambo Leo, jarida la serikali ya kikoloni lililoanza Januari 1923. Lilikuwa la serikali, ndiyo, na halikuficha hilo, lakini lilitoa nafasi kwa watunzi: Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha mashairi humo kabla vitabu vyake havijajulikana. Nakala moja ilisomwa na wengi. Aliyesoma shule aliwasomea wenzake barazani, na mabishano yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko usomaji wenyewe.

Vitabu vilichelewa kidogo. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, ikiwa na tawi Dar es Salaam. Ilichapisha vitabu kwa lugha za Afrika Mashariki, ikapeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha vingine kwa njia ya posta. Shindano lake la uandishi ndilo lililomtoa Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa 1960. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, akaingia mikononi mwa vijana ambao hadi wakati huo kitabu kwao kilikuwa ama cha dini ama cha darasani.

Vijana hao walikuwa wachache. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, wanafunzi wa sekondari nchi nzima hawakufika 12,000. Ni idadi ya kukumbukwa, maana kila aliyetaka kuwasomesha vitabu vizuri wakati ule alikuwa na kazi iliyowezekana.

Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa 1963. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, katika barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mahali hapo palichaguliwa vizuri, iwe kwa hesabu au kwa bahati. Azania, Jangwani, Tambaza, Zanaki na Kisutu zote ni shule ambazo mwanafunzi anaweza kutoka saa nane mchana na kufika maktaba kwa miguu, na wa Kariakoo anapita Mnazi Mmoja tu. Begi linabaki mapokezi. Kitabu cha kuazima kilikuwa na karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, na kila aliyekichukua aligongewa mhuri wa tarehe ya kukirudisha. Mwanafunzi alijua kitabu kipi kinapendwa kwa kutazama mihuri tu. Kilichojaa tarehe hadi karatasi ikaongezwa juu ya karatasi hakikuhitaji sifa ya mwalimu. Aliyefungua maktaba hiyo mwenyewe alikuwa mfasiri. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, Rais wa nchi akihangaika na Shakespeare baada ya saa za kazi.

Upande wa pili wa mji, katika barabara iliyokuwa ikiitwa Independence na sasa ni Samora, Tanzania Publishing House ilikuwa ikichapisha vitabu vilivyosomwa dunia nzima. Ilianzishwa 1966, na kuanzia 1972 iliongozwa na Walter Bgoya. Mwaka huohuo ilichapisha, pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, kitabu cha Walter Rodney, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilikuwa kigumu kwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Wanafunzi walikibeba hata hivyo, wengine kwa kukisoma, wengine kwa kuonekana nacho, na mwandishi wa makala haya haoni ubaya wa sababu ya pili.

Lakini kilichowakesha vijana kilikuwa kitu kingine. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na humo akamzaa Willy Gamba, jasusi wa Kiafrika anayepambana na vibaraka wa makaburu. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Wapigania uhuru walikaa hoteli zilezile na kupita mitaa ileile. Kijana wa Kariakoo hakuhitaji kuelezwa kwamba majasusi wapo. Faraji Katalambulla alikuwa ametangulia na Simu ya Kifo mwaka 1965, Edi Ganzel akafuata na Ndoto ya Mwendawazimu, na baadaye Ben Mtobwa akauweka mji wenyewe juu ya jalada: Dar es Salaam Usiku, 1990.

Riwaya hizi ziliuzwa chini, juu ya turubai au gunia, pembeni mwa barabara za katikati ya mji. Nyembamba, jalada la rangi kali, bei ya kupatana. Muuzaji alizipanga uso juu, akiweka zile zilizokwisha kusomwa upande mmoja, gundi imekauka kwenye mgongo na jina la mwenye nazo wa kwanza limekatwa kwa kalamu. Ukimaliza ulirudi ukaongeza kidogo, ukabadilisha. Walimu wengi walizidharau. Wanyang'anyi wa muda, waliziita, na wakikuta moja chini ya dawati waliichukua, nayo mara nyingi ikasomwa ofisini.

Euphrase Kezilahabi alipata somo kama hilo kutoka juu. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ilitoka 1971 ikasimulia msichana aliyelelewa kwa ukali na yaliyompata alipoachiwa. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Hakuna tangazo bora zaidi ambalo kitabu kingeweza kupata, na miaka ilipopita riwaya hiyohiyo ikaingia darasani ikitolewa maswali ya mtihani.

Baadaye mambo yaligeuka. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu na fedha za kigeni hazikuwapo. Wachapishaji walipunguza kazi na waandishi wengine wakajichapishia wenyewe. Mwaka 1984 watafiti wawili, Clive Criper na Bill Dodd, waliandika ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kusoma na kuelewa vitabu vya Kiingereza walivyofundishiwa. Mradi wa Waingereza uliofuata mwishoni mwa muongo huo ulipeleka shuleni hadithi fupi za Kiingereza chepesi, zisomwe kwa kufurahia. Dawa, kwa hiyo, ilikuwa ileile ya muuza riwaya wa barabarani, ila imekuja na ripoti.

Kisha shule zikaongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza 2004, shule za kata zikajengwa, na kufikia 2010 wanafunzi wa sekondari walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Nakala za vitabu teule vya fasihi, kama Takadini, Watoto wa Mama N'tilie au tamthilia ya Ngoswe, hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Darasa lenye nakala tano halisomi kitabu, linasomewa. Pengo hilo likazibwa na vitabu vya uchambuzi, vile vya Nyambari Nyangwine vikiwa maarufu kuliko vyote: dhamira, wahusika, mandhari, ujumbe, vyote tayari. Mwanafunzi akafaulu swali la Ngoswe bila kumwona Ngoswe akiandika hesabu ya watu. Kumlaumu ni rahisi. Mtihani ulimuuliza dhamira, naye akaleta dhamira. Leo uchambuzi huo unatembea kwenye simu, na katika vyumba vya kusomea vya Maktaba Kuu viti hujaa vijana wanaofungua madaftari yao wenyewe, huku rafu zikiwa nyuma yao.

Vitabu vipya vipo. Duka la TPH bado liko Samora, na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Bgoya 1991, ilitoa mwaka 2022 Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwaka mmoja baada ya Mzanzibari huyo kupata Nobel. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na miswada inayoshinda huchapishwa ili ifike shuleni. Inapofika, mara nyingi huingia kabatini kwenye ofisi ya walimu. Mwalimu aliyekabidhiwa hudaiwa kila nakala inayopotea, kwa hiyo hufunga kabati na kwenda na ufunguo nyumbani.