Mandhari ya Kulazimishwa, Hadithi ya Hiari: Upangaji wa Filamu Fupi *Afrique-sur-Seine* (1955)

Utangulizi

Katika ufundishaji wa filamu, mandhari aghalabu huelezwa kuwa ni mahali na wakati ambapo matukio hutendeka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshelezi, kwani hayaulizi ni nani aliyekuwa na haki ya kuchagua mahali hapo. Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia *Afrique-sur-Seine*, filamu fupi ya dakika 21 iliyotengenezwa Paris mwaka 1955. Hoja ya msingi ni kwamba waandaaji wake, waliponyimwa mandhari waliyoitaka, walilifanya katazo lenyewe kuwa kiini cha hadithi.

Usuli wa katazo

Mnamo 1934, Pierre Laval, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Ufaransa, alitoa amri iliyomtaka kila aliyekusudia kupiga filamu katika makoloni ya Afrika aombe kibali, na hadithi yake ikaguliwe na watawala kabla ya kamera kufunguliwa. Amri hiyo iliwagusa hata Wafaransa: René Vautier alifungwa kwa sababu ya *Afrique 50*, filamu iliyofichua ukatili wa ukoloni. Hata hivyo, uzito wake mkubwa ulimwangukia Mwafrika, ambaye bara lake lilipigwa picha na wageni huku yeye akizuiwa kulisimulia.

Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo, Dahomey (Benin ya leo), alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kusoma katika chuo cha filamu cha IDHEC, Paris. Yeye na wenzake, Mamadou Sarr, Jacques Mélo Kane na Robert Caristan, walikuwa na ujuzi, lakini hawakupata ruhusa ya kupiga filamu barani Afrika. Ilibidi hadithi itafutwe palepale walipokuwa.

Hadithi na mahali

Filamu inaanza na watoto wa Kiafrika wakicheza mtoni, kisha inahamia kando ya mto Seine. Mpangilio huo una maana: mto wa kwanza ni kumbukumbu, wa pili ni maisha ya sasa ya vijana waliokuja kusoma na kujitafutia nafasi mjini. Wanaonekana mitaani na mikahawani, katika urafiki na mapenzi yanayovuka mipaka ya rangi. Hadithi inabebwa na sauti ya msimulizi, wala si majibizano ya wahusika. Njia hiyo inaunganisha matukio yasiyo na msuko mmoja, na kumpa Mwafrika mamlaka ya kuieleza Paris kwa kauli yake.

Ipo kejeli ya kihistoria hapa. Filamu ilidhaminiwa na Kamati ya Filamu za Kiethnografia ya Musée de l'Homme, katika zama ambapo filamu za aina hiyo kwa kawaida zilimwonesha Mwafrika kwa jicho la Mzungu. Safari hii aliyekuwa akitazamwa ndiye anayetazama.

Msomaji anaweza kuieleza kazi hii kwa methali isemayo, ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Ufafanuzi huo unaeleza dhiki iliyokuwapo, lakini hauelezi ubunifu uliotokana nayo. Kama Paris ingekuwa kibadala tu cha Afrika, ingefichwa. Badala yake imetajwa hadi katika jina la filamu.

Baada ya katazo

Uhuru ulipopatikana, mandhari ya nyumbani yalifunguka. Mwaka 1963 Ousmane Sembène, aliyekuwa amerejea kutoka mafunzoni Moscow, alitoa *Borom Sarret*, filamu fupi ya mwendesha mkokoteni wa Dakar. Hapo pia mahali ndipo panapozalisha mgogoro: mhusika anaingia mtaa wa matajiri ambamo mikokoteni imepigwa marufuku, na mkokoteni wake unachukuliwa. Mkoloni alikuwa ameondoka, lakini mpaka ulibaki ndani ya mji.

Hitimisho

Historia hii inaonesha kuwa mandhari si pazia la nyuma ya wahusika. Mwanafunzi anayepanga filamu fupi leo hahitaji kibali cha waziri wa makoloni, ila bado hukabiliwa na uhaba wa fedha, vifaa na ruhusa za mahali. Vieyra na wenzake wanamwachia swali la kuanzia: je, mahali nilipozuiwa kwenda panasema nini kuhusu mahali niliposimama? Hadithi inaweza kuanzia kwenye jibu lake.