Kioo Kinachojitia Giza: Habari za Kofia ya Mchomeleaji

Leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho pengine umekiona usoni mwa fundi kule Gikomba, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam: kofia ya kuchomelea ambayo kioo chake hujitia giza chenyewe mara moto unapowaka. Wengi hudhani ya kuwa kofia hii huyaokoa macho kwa sababu ya wepesi wake. Dhana hiyo si sawa, nayo huenda ikamponza mnunuzi. Ili tuone kosa liko wapi, hapana budi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka wa 1885 watu wawili, Mrusi Nikolai Benardos na Mpolandi Stanisław Olszewski, walipata hati ya uvumbuzi huko Uingereza kwa njia yao ya kuunga chuma kwa moto wa umeme. Kijiti cha kaboni kiligusishwa na chuma, kisha kikavutwa nyuma kidogo. Umeme ukauruka ule mwanya, na hapo likatokea joto la kuyeyusha chuma. Benardos aliiita kazi hiyo Elektrogefest, kwa kumkumbuka Hephaestus, mungu wa wahunzi katika hadithi za Wayunani wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Uswidi akavipaka vijiti vya chuma ganda la kuikinga kazi na hewa, na vijiti vya namna hiyo ndivyo fundi wako anavyovitumia hata leo.

Lakini moto ule hautoi joto na nuru tu. Hutoa pia miali isiyoonekana: urujuanimno, ambayo huunguza uso wa jicho, na infraredi, ambayo hupenya ndani zaidi. Ubaya wa urujuanimno ni kuwa haiumi papo hapo. Fundi humaliza kazi, hula chakula cha jioni, hulala. Usiku wa manane huamka akilia, macho kama yametiwa mchanga. Nilipokuwa kijana nilipanga nyumba moja na mwanafunzi wa ufundi aliyepatwa na hayo. Mama mwenye nyumba alimwekea vipande vya kiazi machoni, jirani akaleta maziwa, na asubuhi tukamshika mkono mpaka zahanati, ambako ndiko angalipelekwa tangu mwanzo. Maumivu kama yale kwa kawaida hutulia baada ya siku moja au mbili. Yule bwana naye akatulia, akarudi kazini na miwani yake ya jua ile ile.

Kuhusu miwani hiyo, sikiliza habari za William Crookes, mtaalamu wa Kiingereza. Mwaka wa 1914, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, alitangaza kazi yake ya kuchanganya aina nyingi za kioo ili kuwasaidia mafundi wa viwanda vya vioo, ambao waliingia mtoto wa jicho kwa kutazama tanuri miaka nenda miaka rudi. Aligundua ya kuwa madini kama seriamu, yakitiwa katika kioo, huzuia miali isiyoonekana bila kukitia kioo weusi mwingi. Basi weusi wa kioo ni jambo moja, na kuzuia miali ni jambo jingine. Miwani ya jua imetengenezwa kwa mwanga wa mchana. Mbele ya moto wa umeme haitoshi kwa weusi, na pembeni iko wazi.

Kioo kizuri cheusi kilipopatikana, shida nyingine ilibaki. Kabla moto haujawaka, fundi nyuma ya kioo hicho haoni kitu. Kwa hiyo huinua kofia, huweka kijiti mahali pake, kisha hutikisa kichwa ili kofia imwangukie usoni, na hapo hapo hugusisha. Akichelewa nukta moja, amepigwa na mwanga. Shingo huchoka, kijiti husogea, na mwisho fundi huona heri afumbe macho tu. Nadhani macho mengi yaliharibika kwa usumbufu huu kuliko kwa kukosa kofia.

Dawa ya usumbufu huo ilitoka mbali. Mwaka wa 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea huko Prague, aliona kitu cha ajabu: kitu kilichotiririka kama maji huku chembe zake zikiwa zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Miaka mingi baadaye wataalamu walijua kuzigeuza chembe za namna hiyo kwa umeme kidogo, na hivyo kuifungulia nuru au kuifungia. Mwaka wa 1981 kampuni ya Åke Hörnell, kutoka Gagnef huko Uswidi, ilitoa sokoni kioo cha kuchomelea cha namna hiyo, kwa jina la Speedglas.

Sasa tazama kilivyoundwa. Vijicho vya mbele huuona moto, na kioo huwa cheusi kwa muda ambao watengenezaji wengi huuandika kuwa sehemu moja ya 25,000 ya sekunde. Lakini mbele ya kioo hicho kuna kichujio kisichobadilika, kinachozuia urujuanimno na infraredi wakati wote, kiwe cheupe au cheusi. Hicho ndicho mlinzi wa kweli. Ule wepesi hukuepusha na kupumbazwa na mwanga. Kwa hiyo usivutwe na namba ya wepesi peke yake. Tafuta alama ya kupimwa iliyopigwa juu ya kioo chenyewe, wala si kwenye boksi tu.

Kwa vijiti vya kawaida na umeme wa ampea 80 hadi 175, weka weusi namba 10. Ukipanda hadi 300, weka 11. Vijicho vinne ni bora kuliko viwili, maana ukichomelea chini ya bomba, kijicho kikizibwa, kioo hufunguka katikati ya kazi. Betri ikiisha, simama. Usiseme kichujio kipo.

Juma lijalo, penye majaliwa, tutazungumza juu ya moshi wa kuchomelea na kifua cha fundi.