Bei Moja kwa Wote



Katika masoko yetu muuzaji hutaja bei ya juu akijua kwamba mnunuzi ataipunguza, na mnunuzi hutaja ya chini akijua kwamba itapandishwa. Hakuna anayemwita mwenzake mwongo, kwa kuwa ndiyo desturi. Wengi husema kwamba biashara haina sheria nyingine ila faida. Historia hutuonyesha kwamba sivyo: namna watu wanavyonunua na kuuza hufuata yale ambayo jamii yao huyaheshimu na yale inayoyaonea aibu.

Tutazame Uingereza ya karne ya 17. Huko nako watu walivutana juu ya bei. Katika miaka ya 1650 ikaenea jumuiya ya Wakristo waitwao Marafiki, au Waquaker, walioongozwa na mhubiri George Fox. Walilishika fundisho la Kristo kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo (Mt 5:37), hata wakakataa kuapa mbele ya mahakimu, na wengi wakafungwa kwa ajili hiyo. Dukani walifuata fundisho lile lile: kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni kusema uongo. Basi wakatoza bei moja, kwa tajiri na kwa maskini.

Fox ameandika kwamba mwanzoni wateja waliwakimbia, wakiuona mwenendo wao kuwa wa ajabu. Baadaye watu wakatambua kwamba hata mtoto mdogo akitumwa kwao hapunjwi, na maduka yao yakajaa.

Hayo hayakutokana na wema wa mtu mmoja mmoja tu. Jumuiya iliwachunguza watu wake: aliyeshindwa kulipa madeni kwa uzembe au udanganyifu aliweza kutengwa. Sheria za nchi nazo ziliwafungia vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge pamoja na vyeo vya serikali, na hivyo vijana wao wengi wakaelekea kwenye biashara. Aliyeaminiwa kwa bei aliaminiwa pia kwa akiba. Benki ya Barclays ina asili yake kwa Marafiki wawili walioanza kazi London mwaka 1690. Na katika kuanzisha benki ya Lloyds huko Birmingham, mwaka 1765, Marafiki walishiriki. Viwanda vya chokoleti vya Fry, Cadbury na Rowntree vilikuwa pia vya jamaa za Marafiki.

Lakini habari haiishii hapo. Mwaka 1901 William Cadbury alipata tangazo la shamba lililokuwa likiuzwa katika kisiwa cha São Tomé, koloni la Ureno. Wafanyakazi weusi walikuwa wameorodheshwa humo pamoja na mali nyingine. Hao walikuwa Waafrika waliotolewa Angola, wakaitwa watu wa mkataba, ilhali walitumikishwa kama watumwa. Sehemu kubwa ya kakao ya kampuni ya Cadbury ilitoka kisiwani humo. Kampuni ilituma mchunguzi mwaka 1905 na kuihimiza serikali ya Ureno ibadili mambo, lakini iliendelea kununua kakao hiyo hadi mwaka 1909. Mwaka huo huo ilishinda kesi dhidi ya gazeti lililoishutumu kwa unafiki, ila fidia iliyopewa na baraza la mahakama ilikuwa robo ya peni tu. Kila mtu alielewa maana ya fidia hiyo.

Watu wale wale waliowajengea wafanyakazi wao wa Uingereza nyumba zenye bustani walichukua miaka minane kabla ya kuacha kununua jasho la Mwafrika. Uaminifu wao ulikuwa wa kweli, lakini uliwafikia upesi wale waliowaona kwa macho, na ukachelewa kuwafikia walio ng'ambo ya bahari.

Nasi tunaoishi katika nchi ya koltani na kobalti tunajua ni kitu gani kuwa mtu asiyeonekana na mnunuzi. Lakini tusiwahukumu wengine pekee. Kikundi cha likelemba hudumu kwa sababu kila mmoja huona aibu kuwaangusha wenzake. Je, aibu hiyo hiyo tunayo mbele ya mgeni anayeuliza bei?

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni tendo gani la udanganyifu ambalo limekuwa desturi, hata haliitwi tena udanganyifu?

2. Ni nani anayetaabika kwa ajili ya kitu tunachokinunua kwa bei nafuu, nasi hatumwoni?

3. Kikundi chetu kinaweza kuahidiana nini, na nani atatuuliza kama tumetimiza?